Nguzo Zilizohamia Ukutani

Gitting iko kwenye miteremko ya Mlima Hanang, mlima unaopanda zaidi ya mita 3,400 juu ya usawa wa bahari, na mojawapo ya njia za kwenda kileleni huanzia hapo. Ni mahali pa baridi na ukungu, pa viazi, mahindi, maharage na ngano. Mwaka mazao yakikubali na bei ikakaa vizuri, sehemu ya fedha huingia kwenye nyumba. Aliyejenga vyumba viwili na sebule finyu watoto wakiwa wadogo, sasa anataka sebule ya kupokea wakwe. Jirani yake, ambaye barabara imemfuata hadi mlangoni, anataka chumba cha mbele kiwe fremu ya duka. Mwingine amechoka kuvuka uwanja wenye matope kwenda jikoni, anataka jiko liungane na nyumba kubwa.

Fundi anaitwa, anaonyeshwa.

"Fundi, huu ukuta utoke, hapa pawe wazi."

"Hamna shida mzee. Kesho naanza."

Kinachofuata ni bei, na mazungumzo mengi huishia hapo. Mimi nasema kuna swali la kutangulia bei: ukuta huo umebeba nini? Swali lenyewe halina gharama. Jibu linaweza kuongeza gharama kidogo, kwa sababu litadai mbao, nondo na siku za ziada. Asiyeuliza huja kulipa baadaye kwa paa lililobonyea, kwa ufa unaopanda kutoka pembe ya dirisha mwaka hadi mwaka, na wakati mwingine kwa maisha ya mtu.

Wenyeji wa ukanda huu walilijua swali hilo vizuri zamani, na inafaa kuanzia kwao. Wairaqw wa Mbulu, ambao vizazi vyao vilisambaa kuelekea kusini hadi Hanang, walikuwa na nyumba zilizochimbwa ubavuni mwa kilima. Nyuma ya nyumba ni kilima chenyewe, mbele kuna ukuta mfupi, na paa la udongo limelingana na ardhi ya juu kiasi kwamba anayetazama kutoka mbali haoni makazi. Wazee huhusisha umbo hilo na miaka ya kuporwa ng'ombe, ambapo nyumba isiyoonekana ilikuwa ndiyo nyumba salama. Kwa Wagogo, Warangi na Wasandawe, tembe ya paa bapa ilijengwa kwa akili ya namna hiyo hiyo hata pale ilipokuwa juu ya ardhi.

Ingia ndani ya tembe kwa mawazo. Kuna nguzo za miti migumu, kila moja ina panda juu, zimesimama safu kwa safu. Juu ya panda zimelazwa boriti. Juu ya boriti kuna fito zilizobanana, juu ya fito majani na matawi, na mwisho udongo ulioshindiliwa. Tuupime. Udongo wa unene wa sentimita 15 ukiwa mkavu una uzito wa karibu kilo 240 kwa kila mita moja ya mraba. Tembe ya mita 5 kwa mita 10 ina mita za mraba 50. Hizo ni tani 12 juu ya vichwa vya waliolala, na msimu wa mvua zinaongezeka kwa sababu udongo hunywa maji.

Tani zote hizo zilishuka ardhini kupitia nguzo. Ukuta wa fito uliokandikwa udongo ulizuia upepo, mvua, fisi na macho ya watu, na paa halikuutegemea. Mtu aliweza kuhamisha mlango, kuvunja ukuta ulioliwa na mchwa na kuukandika upya, au kugawa chumba kwa ajili ya mwana aliyeoa, na paa likabaki mahali pake. Nguzo iliyooza ilikuwa jambo jingine kabisa. Hiyo haikuondolewa kabla mpya haijasimama kando yake na kuupokea mzigo. Wala halikuhitajika somo: nguzo zilisimama wazi katikati ya chumba, kila aliyeingia alizikwepa, na hata mtoto alijua kinachoshikilia nyumba.

Kisha nyumba ikabadilika kwa haraka. Watu walipokusanywa katika vijiji miaka ya 1970 na maduka yakaanza kuleta bati na misumari kwa wingi, nyumba ya mistari minyoofu ikaanza kuishinda tembe. Tanuri za tofali za kuchoma zikawa sehemu ya mandhari. Paa likawa jepesi ajabu: bati pamoja na mbao zake ni kama kilo 15 hadi 25 kwa mita ya mraba, yaani sehemu ya kumi ya paa la udongo au hata chini ya hapo. Nguzo za katikati zikaondoka, chumba kikapata nafasi, watu wakafurahi, na walikuwa na haki ya kufurahi.

Lakini kazi ya nguzo haikuondoka. Ilihamia ukutani. Ukuta ambao kwa babu ulifunga nafasi tu, kwa mjukuu unafunga nafasi na kubeba paa, na juu ya hayo unajibeba wenyewe, jambo ambalo si dogo. Mita moja ya urefu ya ukuta wa tofali za kuchoma, wenye unene wa sentimita 22 na kimo cha mita 3, ina uzito wa takribani tani 1.2. Na tofauti na nguzo, ukuta unaobeba hauna alama usoni. Umepigwa lipu ile ile na rangi ile ile kama ukuta wa kugawa vyumba. Kwa maoni yangu hapa ndipo ajali nyingi za ukarabati zinapozaliwa: tunaishi katika nyumba mpya huku tukiutazama ukuta kwa jicho la tembe, jicho linaloona kizuizi cha kuhamishwa.

Basi ukitaka kuujua ukuta, uache kwanza, utazame paa. Nyumba isiyo na dari imekurahisishia kazi. Yenye dari inahitaji mtu apande na tochi, afungue kipande kimoja, aangalie mbao zinaelekea wapi na zimelala juu ya nini. Nusu saa humo inafaa kuliko siku nzima ya kubishana sebuleni.

Hali nzuri kuliko zote ni kukuta kenchi kamili. Mbao ya chini imetoka ukuta wa nje wa mbele hadi ukuta wa nje wa nyuma, imekaa juu ya kuta hizo mbili tu, na kati ya mbao hiyo na vichwa vya kuta za ndani kuna nafasi inayopitisha vidole. Kenchi ya namna hiyo imetengenezwa ivuke nyumba nzima bila kuegemea katikati. Ukuta wa ndani chini yake haujabeba paa.

Lakini mara nyingi mbao za dukani ni fupi kuliko upana wa nyumba, kwa hiyo mbao ya chini imeungwa. Angalia kiungo kiko wapi na kimefungwaje. Fundi makini hupigilia vipande virefu vya mbao pande zote mbili za kiungo, misumari ya kutosha, na kiungo kikawa na nguvu karibu sawa na mbao nzima. Fundi mwenye haraka hupishanisha ncha mbili juu ya ukuta wa ndani, anapiga misumari miwili, anaendelea. Kwa miaka yote nyumba inasimama vizuri kwa sababu ule ukuta wa ndani umekuwa mguu wa tatu. Siku unapovunjwa, ncha zile hazina pa kulala.

Kinachotokea baada ya hapo kinafaa kuelezwa, kwa sababu hakionekani kirahisi. Miteremko miwili ya paa hutaka kufunguka, kila mmoja uteleze kuelekea upande wake. Mbao ya chini ndiyo inayoizuia, imevutwa kama kamba iliyokaza. Kiungo kikiachia, mvuto unaisha, miguu ya mbao za mteremko inasukuma vichwa vya kuta za nje kwenda nje. Ukuta wa tofali zilizounganishwa kwa udongo hubeba vizuri mzigo unaoshuka wima, lakini msukumo wa kutoka ndani kwenda nje hauuwezi. Kwa hiyo mtu aliyevunja ukuta wa katikati anaweza kuona ufa kwenye ukuta wa mbele, akashangaa, akaziba kwa saruji, na ufa ukarudi.

Hali ya tatu ipo kwenye nyumba nyingi za gharama nafuu na ndiyo hatari zaidi. Hakuna kenchi kabisa. Kuta za kukatisha nyumba zimepandishwa hadi kwenye bati kwa umbo la pembe tatu, na mbao zinakwenda kwa urefu wa nyumba, kutoka ukuta mmoja wa pembe tatu hadi mwingine. Njia hii huokoa mbao nyingi na ikijengwa vizuri ni imara. Lakini inageuza mambo. Chukua nyumba yenye vyumba vilivyopangana, kila kimoja upana wa mita 3. Ukuta wa mwisho wa nyumba unabeba nusu ya paa la chumba kimoja, yaani mita moja na nusu. Ukuta wa ndani, kati ya chumba na chumba, unabeba nusu ya huku na nusu ya huku: mita 3 nzima. Ukuta wa ndani umebeba mara mbili ya ule wa mwisho, na ukuta wa mbele, ambao mwenye nyumba anaudhani ndio mkubwa wa wote, haujabeba paa ila kidogo. Kanuni ya kwamba kuta za nje hubeba na za ndani hugawa, ambayo wengi huirudia, katika nyumba kama hii itamwangusha anayeiamini.

Kuna pia vijiti vya kusaidia. Paa lilibonyea miaka iliyopita, fundi akasimamisha kipande cha mbao juu ya ukuta wa chumbani kuunyanyua mgongo wa paa, akashuka, akalipwa, jambo likasahaulika. Ukuta uliojengwa kugawa ukapewa kazi ya pili bila taarifa. Wakati mwingine hakuna hata kijiti: mbao zimepinda zenyewe kidogo kidogo hadi zikakaa juu ya ukuta ambao zamani hazikuugusa. Pitisha kipande cha karatasi ngumu kati ya mbao na tofali. Kikikwama kila mahali, chukulia kwamba ukuta huo sasa umebeba, hata kama mchoro wa mwanzo, ukiwapo, unasema vinginevyo.

Baada ya paa, teremka chini. Chimba shimo dogo kando ya ukuta, nje au ndani, uone umekaa juu ya nini. Ukuta uliosimamishwa juu ya jamvi moja kwa moja, bila msingi wa mawe chini yake, kwa kawaida uliongezwa baadaye kwa ajili ya kugawa. Msingi ukiwapo hauthibitishi kinyume chake, maana mafundi wengi huchimba msingi wa kuta zote kwa pamoja. Unene nao ni ushahidi wa kusaidia tu: ukuta wa tofali moja nzima una uwezekano mkubwa wa kubeba kuliko wa nusu tofali. Na usihangaike kugonga. Kugonga ukuta na kusikiliza mlio ni desturi ya nyumba za mbao za Marekani na Kanada, ambako ukuta ni fremu yenye uwazi ndani na mtu anatafuta mbao iko wapi. Tofali halisemi lolote kuhusu mzigo wake kwa mlio.

Mpaka hapa nimezungumzia mzigo unaoshuka. Kuna kuta ambazo hazijabeba chochote juu yake, na bado kuziondoa ni hatari, kwa sababu zinazuia kuta nyingine zisilale. Mtu aliyebeba ndoo ya maji kichwani anasimama vizuri hadi umsukume ubavuni. Akiwa na mwenzake aliyemshika bega, utasukuma na hatayumba. Ukuta mrefu wa nje ni mbebaji huyo. Kuta fupi za kukatisha, zilizofungwa nao tofali kwa tofali kwenye makutano, ndizo zilizomshika bega. Ukiunganisha vyumba vitatu kuwa ukumbi mmoja, unaacha ukuta wa mita 9 umesimama peke yake kwa kimo cha mita 3.

Kwa Gitting hili si jambo la vitabuni. Upepo wa mlimani hupiga ukuta kutoka ubavuni, na paa jepesi la bati linaweza kunyanyuliwa; kuta zinazolishikilia lisiruke zina kazi kubwa kama zile zinazolizuia lisianguke. Mkoa wa Manyara pia uko kwenye Bonde la Ufa. Mei 1964 eneo la Mbulu na Ziwa Manyara lilitikiswa na tetemeko lenye kipimo kinachozidi 6. Septemba 10, 2016, tetemeko la kipimo cha 5.9 lilipiga Kagera na kuua zaidi ya watu 15, na walioumia zaidi kwa mali walikuwa wenye nyumba za tofali na udongo ambazo kuta zake hazikufungwa pamoja. Tetemeko husukuma kwa upande. Kadiri paa na kuta zilivyo nzito ndivyo msukumo huo unavyozidi, na swali linakuwa kuta zimeshikana vipi.

Halafu kuna Desemba 3, 2023, siku ambayo tope, mawe na miti viliporomoka kutoka Mlima Hanang hadi mji wa Katesh na vijiji jirani na kuua zaidi ya watu 80. Hakuna ukuta wa nyumba ya kawaida unaoweza kushindana na mwamba unaobingirika, na sitaki mtu asome hapa kwamba ufundi bora ungewaokoa waliokuwa kwenye njia ya tope. Ninachosema kinahusu nyumba zilizoguswa pembeni zikabaki zimesimama. Nyumba ya namna hiyo haipaswi kukarabatiwa kwa kumbukumbu za zamani. Udongo ulio kati ya tofali ulilowa, msingi huenda ulifukuliwa upande mmoja, ukuta wa nyuma umesogea kidogo na mzigo umejitafutia njia nyingine. Ukuta uliokuwa wa kugawa huenda leo ndio unaoshikilia. Yote niliyoyasema kuhusu kupanda darini na kuchimba kando ya msingi yanaanza upya kwa nyumba hiyo, ukuta kwa ukuta.

Nyumba ya ghorofa inahitaji kitabu chake, lakini siwezi kuipita kimya kwa sababu watoto wa Gitting wanaishi na kufanya kazi mijini. Asubuhi ya Novemba 16, 2024, jengo la ghorofa liliporomoka Kariakoo, Dar es Salaam, likiwa na wafanyabiashara na wateja ndani, likaua zaidi ya watu 20. Kazi ya kupanua eneo la biashara chini ya jengo ilikuwa ikiendelea. Miaka 29 kabla ya hapo, Juni 29, 1995, duka kubwa la Sampoong huko Seoul, Korea Kusini, lilianguka na kuua watu 502. Jengo hilo lilikuwa limebadilishwa matumizi likiwa bado linajengwa, nguzo zikaondolewa kupisha ngazi za umeme, ghorofa ya tano ikaongezwa juu, na baadaye mitambo mizito ya kupoza hewa ikaburutwa juu ya paa hadi mahali pengine. Tamaa ya nafasi zaidi ya kuuzia ilipunguza wabebaji huku ikiongeza mzigo, na wakati wote huo jengo liliendelea kusimama, kwa miaka, jambo lililowapa wenye nalo imani isiyo na msingi. Nyufa zilionekana dukani kabla ya siku ile, na duka liliendelea kufunguliwa. Ndiyo sababu simwamini mtu anayesema: nilivunja ukuta mwaka juzi na hakuna kilichotokea.

Pwani wana bahati moja ambayo bara hatuna. Katika nyumba za mawe za Unguja, Lamu na Mombasa, sakafu na paa hubebwa na boriti za mikoko, na boriti hizo haziendi mbali: upana wa chumba huishia kwenye mita mbili na nusu hadi tatu hivi, kwa sababu mti wenyewe huishia hapo. Boriti hizo hizo zilisafirishwa kwa majahazi kutoka delta ya Rufiji na Lamu hadi Oman na Ghuba yote, na vyumba vya huko navyo vikapata wembamba ule ule. Anayesimama ndani ya chumba kama hicho anainua macho, anaona boriti zinaelekea wapi, na kuta mbili zinazopokea ncha zake ndizo zilizobeba. Mzigo unasomeka. Hata hivyo nyumba ya mawe na chokaa si ya kuchezewa. Beit al-Ajaib ya Zanzibar, iliyojengwa mwaka 1883 wakati wa Sultani Barghash, iliporomoka sehemu kubwa Desemba 25, 2020, ikiwa katikati ya ukarabati, na watu wawili wakafa. Jengo la zamani huwa dhaifu zaidi wakati linaponyooshewa mkono wa kuliponya, maana ndipo mizigo inapohamishwa.

Tuseme sasa umegundua ukuta wako umebeba, na bado unaitaka sebule. Inawezekana. Mjini, ikiwemo Katesh, kazi ya kugusa muundo wa jengo inahitaji kibali cha halmashauri, na mhandisi wa halmashauri ni mtu wa kumwendea kabla ya fundi. Kijijini mara nyingi hakuna atakayekudai karatasi, lakini mzigo ni ule ule. Mlipe mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi aje mara moja aone. Fedha hizo ni ndogo kuliko bei ya bati jipya la nyumba nzima.

Kanuni ya kazi ni ile ya nguzo iliyooza: mpokeaji asimame kwanza. Mirunda huwekwa pande zote mbili za ukuta, karibu nao, vichwa vyake vikiwa chini ya ubao mrefu unaogusa mbao zote za paa, na miguu yake juu ya ubao mwingine unaotandaza uzito sakafuni. Hukazwa kwa kabari taratibu, bila kulinyanyua paa. Kisha ukuta hufunguliwa kuanzia juu, tofali kwa tofali, kwa tindo na nyundo ndogo. Nyundo kubwa inayotikisa nyumba nzima iwekwe mbali.

Wengi hukosea hesabu ya kinachobaki juu ya uwazi. Fikiria umefungua mita 3 na kuacha mita moja ya tofali juu yake hadi kwenye paa. Tofali hizo peke yake zina uzito wa tani 1.2 hivi. Paa linaloegemea hapo, kwa nyumba tuliyoipigia mfano, ni kama kilo 225. Tofali zilizoachwa juu zina uzito mara tano ya paa. Kwa hiyo kusema paa la bati ni jepesi, ubao mmoja utatosha, ni kupima kitu kisichohusika. Inatakiwa bimu ya zege yenye nondo, ambayo kwa uwazi wa mita 3 kina chake ni kama sentimita 25 hadi 30, na mhandisi ndiye wa kutaja nondo. Ncha zake ziingie juu ya ukuta uliobaki si chini ya sentimita 20 kila upande, na kwa kuwa tofali za udongo husagika zinapobanwa mahali padogo, chini ya kila ncha paundwe kitako cha zege kinachotandaza uzito. Uwazi usiende hadi kwenye kona ya nyumba. Bega la ukuta la sentimita 60 likibaki kila upande, kuta za nje bado zitakuwa zimeshikwa. Ukiutaka uwazi mpana zaidi ya mita 4, kubali nguzo moja katikati ya sebule. Itakupunguzia nondo, na kina cha bimu kitabaki cha kawaida.

Baridi ya Gitting ina neno lake hapa. Zege hukomaa polepole zaidi penye baridi, na nguvu zake zilizokusudiwa hupimwa kwa siku 28. Fundi aliyezoea kazi za joto za Babati au Singida anaweza kutaka kutoa mirunda baada ya wiki moja. Mkatalie kwa adabu. Bimu imwagiwe maji na kufunikwa wiki ya kwanza yote, na mirunda ikae si chini ya wiki tatu, hata kama wageni wa mahari wamekwisha kutangaza tarehe. Siku ya kuitoa, kabari zilegezwe zote kidogo kidogo kwa zamu, kutoka katikati ya bimu kuelekea kwenye ncha, huku mtu mmoja akiangalia lipu.

Nyufa ndogo zitatokea, hasa kwenye pembe za uwazi, nyumba inapojizoesha na njia mpya ya mzigo. Usizipake rangi haraka. Chora mstari mfupi wa penseli kwenye kila mwisho wa ufa, andika tarehe pembeni, kisha acha msimu mmoja wa mvua upite. Ufa ambao haujavuka mistari yake uzibwe, nyumba imetulia. Ufa uliovuka, au ule unaopana kiasi cha kuingiza sarafu, ni wa kumwita mhandisi wiki hiyo hiyo, na mirunda irudi chini ya bimu kabla hajafika.